Dar es Salaam hadi Mwanza: Kilomita 850 za Angani na 1,150 za Barabarani

Anayeuliza umbali kati ya Dar es Salaam na Mwanza hujibiwa kwa namba zaidi ya moja, na zote huwa sahihi. Mstari ulionyooka kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza una takribani kilomita 850. Barabara ya lami inayopita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga ina takribani kilomita 1,150. Reli ya zamani, ambayo huenda kwanza Tabora ndipo igeuke kaskazini, inapita kilomita 1,200. Muda nao hutofautiana vivyo hivyo: ndege ya jeti huandikiwa saa moja na nusu, ndege ya pangaboi karibu saa mbili, na basi linalopitiliza hutembea mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku, au kinyume chake.

Mwezi wa Februari nilikuwa na shughuli ya kifamilia Mwanza. Niliamua kwenda kwa njia ya ardhini na kurudi kwa ndege, huku nikiandika saa na kilomita katika daftari, kwa sababu nilitaka kujua kwa undani ni mambo gani yanayokula muda wa msafiri ambayo namba ya umbali haiyasemi.

Siku ya kwanza: Dar es Salaam hadi Dodoma

Treni ya umeme iliondoka saa 12 kamili asubuhi, lakini mimi nilikuwa safarini tangu saa 10:15 alfajiri, nilipotoka nyumbani Tabata kwa bajaji. Katika stesheni kuu ya Dar es Salaam, ile yenye paa lililochongwa kwa umbo la tanzanite, abiria hupitisha mizigo kwenye mashine ya ukaguzi, huonyesha kitambulisho na tiketi, kisha husubiri ukumbini hadi watangaziwe kushuka behewani. Taratibu hizo zinafanana sana na za uwanja wa ndege, na kwa hiyo hudai muda kama unaodaiwa na uwanja wa ndege. Aliyezoea kufika stendi basi likiwa linaunguruma akaingia akiwa amening'inia mlangoni, hapa ataachwa.

Baada ya Pugu mwendo ulianza kupanda. Niliiweka simu dirishani, nikaona kasi ikipita kilomita 120 kwa saa, kisha 140, na karibu na Soga ikafika 158. Kikomo cha treni hizi ni 160. Katika kasi hiyo mikorosho iliyo karibu na reli haionekani tena kama miti, na jicho hulazimika kutazama mbali. Tulisimama Morogoro kwa dakika chache tu, kisha tukaingia katika sehemu ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote katika reli hii, yaani milima ya Kilosa, ambako njia inapita ndani ya mahandaki na juu ya madaraja marefu kando ya bonde la Mto Mkondoa. Reli ya zamani ipo chini huko bondeni, nayo imesombwa na mafuriko mara nyingi kati ya Kilosa na Gulwe. Waliojenga reli mpya waliinyanyua.

Inafaa kukumbuka jinsi umbali huu ulivyopimwa na vizazi vilivyotangulia. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilishwa na Waingereza mwaka 1928. Kwa muda wote uliofuata, mtu aliyepanda treni Dar es Salaam alihesabu kufika Dodoma baada ya zaidi ya nusu siku. Huduma ya treni ya umeme ilipoanza, hadi Morogoro mwezi Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, umbali ulibaki uleule na muda ukapungua hadi chini ya saa nne.

Tulifika Dodoma saa 3:35 asubuhi. Njia ya reli kati ya miji hii miwili ina takribani kilomita 460, wakati mstari ulionyooka una karibu kilomita 400, kwa hiyo reli haipotezi sana kwa kupinda. Ndege inahitaji kama saa moja hewani na kwenye njia zake za kutembelea, na uwanja wa Dodoma umo katikati ya mji, jambo linaloisaidia. Hata hivyo, ukijumlisha kutoka nyumbani hadi uwanjani, kusubiri, na kuchukua begi, tofauti inayobaki kati ya ndege na treni ni ndogo mno kuhalalisha tofauti ya nauli. Kwa safari hii, kwa maoni yangu, treni imeshinda.

Mchana nilikwenda stendi ya Nane Nane kukata tiketi ya basi la kesho. Nilimuuliza wakala Mwanza ni kilomita ngapi. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo lisilo na kazi, akajibu, "Kaka, saa 12 hizo. Ukiondoka na giza unaingia na giza."

Siku ya pili: Dodoma hadi Mwanza

Kutoka Dodoma hadi Mwanza kwa barabara ni takribani kilomita 700. Kwa mstari ulionyooka ni kama 520. Pengo hilo la karibu kilomita 180 ndilo nililotaka kulishuhudia, na linaonekana vizuri ukiwa na ramani mapajani, kwa kuwa barabara huelekea magharibi hadi Manyoni, hupanda kaskazini hadi Singida, hurudi tena magharibi hadi Nzega, ndipo inapokata shauri kuelekea kaskazini kwa ziwa.

Basi liling'oa nanga saa 12:10 asubuhi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye kikapu alichokishika magotini wakati wote, akikataa kabisa kikawekwe buti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unashukia wapi?"

"Mwanza, mama."

"Eeh, basi wewe bado una safari. Mimi Igunga. Tukishamaliza kushuka Sekenke, mimi huwa nahesabu nimefika."

Baadaye nilimwuliza kutoka Sekenke hadi Igunga ni kilomita ngapi, akasema hajui na hajawahi kuhitaji kujua. Ukisikiliza mazungumzo ya abiria kwenye basi la masafa marefu utagundua kwamba wote wanapima namna hiyo: kwa mteremko, kwa mji wa kula chakula, kwa mahali mtandao wa simu unapokatika. Nadhani kipimo hicho kina akili zaidi kuliko changu, kwa sababu kinabeba ndani yake hali ya barabara.

Kasi ya mabasi ya abiria nchini ina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na ndani ya makazi ya watu kikomo ni 50. Mabasi yamefungwa vifaa vinavyopeleka taarifa za mwendo kwa mamlaka ya usafiri wa ardhini, na basi linapozidisha mwendo huo kengele hulia mbele ya dereva, ikasikika hadi kwa abiria. Leo ililia mara moja katika uwanda wa Bahi, konda akacheka, dereva akapunguza. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni rahisi: kilomita 700 kwa kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa, bila kusimama hata mara moja, ni saa 8 na dakika 45. Kila kinachozidi hapo ni bei ya kupita katikati ya nchi yenye watu ndani yake.

Baada ya Kintinku barabara ilianza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Lori tatu zilizobeba shehena ya kwenda Rwanda na Burundi zilikuwa zinapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kwa kuwa kona ni nyingi na mstari wa katikati haukatiki, tulikaa nyuma yake hadi juu. Niliandika: kilomita chache, dakika 20. Manyoni tulipita saa 2:25. Kutoka hapo hadi Singida ardhi ni tambarare na mwendo ulikuwa mzuri, isipokuwa kila kijiji kina matuta yake, na matuta hayo hayaji peke yake. Hutanguliwa na kibao cha 50, kisha yale madogo madogo yanayotetemesha meno, kisha lenyewe, na upande wa pili mlolongo huohuo hurudiwa kwa magari yanayotoka mbele. Basi zito hushuka hadi karibu kusimama, kisha huchukua nusu dakika au zaidi kurudi kwenye 80. Ukizidisha kwa idadi ya vijiji kati ya Dodoma na Mwanza, unapata saa nzima na ziada.

Kuna pia mizani. Mabasi nayo hupimwa uzito, na pale Njuki, mkoani Singida, tulipanga foleni nyuma ya malori kwa muda mfupi. Abiria mmoja alilalamika kwamba sisi si saruji. Konda akamjibu kwamba buti lina alizeti, mahindi, na jenereta la mtu, na saruji pia imo.

Singida mjini tulifika saa 4:30 na kupewa nusu saa, iliyogeuka kuwa dakika 40. Kuku wa kienyeji wa Singida wana sifa yao, nami sikuwa na sababu ya kuipinga. Kuanzia hapo mawe makubwa ya mviringo yanaanza kupangana kando ya barabara, na wauzaji wa mafuta ya alizeti wamepanga madumu ya njano kwenye vivuli vya miti. Misigiri tulipita bila kusimama, kisha tukaanza kuteremka Sekenke.

Mteremko wa Sekenke ndio mahali ambapo ramani bapa inamdanganya msafiri kuliko pengine popote katika njia hii. Juu yake ni uwanda wa Iramba. Chini yake ni mbuga ya Wembere, tambarare ya udongo mweusi ambayo mwezi wa Februari hujaa maji na majani mabichi. Dereva alishusha gia, akaliacha basi lijizuie kwa injini, na mama wa Igunga akaanza kukusanya khanga zake ingawa mji wake ulikuwa bado mbali. Tulipofika Shelui kulikuwa na joto ambalo Singida halikuwapo. Igunga tuliingia saa 7:35, mama akashuka na kikapu chake, akaniaga, "Haya mwanangu, nisalimie Mwanza." Nzega tukaifikia saa 8:50.

Tinde ni njia panda. Malori ya Rwanda na Burundi hukata kushoto kuelekea Kahama, na sisi tukakata kulia kwenda Shinyanga. Mzigo wa barabara ulipungua ghafla na mwendo ukaongezeka. Tulipita Shinyanga saa 10:20 jioni, kisha Maganzo, na kuanzia Wilaya ya Misungwi tulikuwa tukiona mara kwa mara tuta jipya la reli ya kisasa, sehemu ya kipande cha kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2021. Tuta hilo halifuati matuta ya barabarani wala halipiti katikati ya magulio.

Tuliingia stendi ya Nyegezi saa 1:05 usiku, na jua lilikuwa halijazama. Dar es Salaam wakati huo jua lilishazama. Saa ya Tanzania ni moja nchi nzima, lakini Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya digrii 6 za longitudo, na kila digrii ni dakika 4 za jua, kwa hiyo mchana wa Mwanza uko nyuma kwa dakika 25 hivi. Wakala wa Dodoma hakukosea sana: ilikuwa saa 12 na dakika 55, kwa wastani wa kilomita 54 kwa saa.

Siku ya tatu: Mwanza

Siku hii ilikuwa ya shughuli iliyonileta, nami sitaieleza. Jambo moja linahusu mada. Ndugu mmoja aliyetoka Geita kwa ajili ya shughuli hiyo alifika asubuhi mapema kuliko tulivyomtarajia, kwa sababu wote tulikuwa bado tunahesabu kwa kivuko. Miaka yote, msafiri wa Geita au Bukoba aliyepitia Kigongo alivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko hadi Busisi, na muda wake ulitegemea foleni ya magari, hali ya ziwa na uzima wa injini. Daraja la takribani kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025. Sasa sehemu hiyo ni dakika chache za kuendesha gari, mchana na usiku, na umbali kati ya Mwanza na Geita haujapungua hata kwa kilomita moja ya maana.

Jioni nilikwenda Kirumba kununua dagaa na sangara mkavu. Tiketi yangu ya ndege iliruhusu begi moja la kilo 23. Dagaa wa kuwatosha watu waliokwishasikia kwamba uko Mwanza hawawezi kuingia katika kilo 23 pamoja na nguo.

Siku ya nne: Mwanza hadi Dar es Salaam kwa ndege

Tiketi iliandikwa kuondoka 15:30 na kufika 17:00. Kwa saa zetu ni saa 9:30 alasiri na saa 11:00 jioni, na nalitaja hili kwa sababu nimewahi kusikia kijana akimweleza baba yake kwa simu kwamba ndege itaondoka "saa 15", na mzee akakata simu kwa kuudhika.

Nilitoka Nyegezi saa 6 mchana. Kwanza nilipitia stendi kukabidhi gunia la dagaa na samaki kwa wakala wa mizigo, lipelekwe Dar es Salaam kwa basi la saa 9 alasiri. Kutoka hapo nilikatiza mji mzima, kwa kuwa Nyegezi iko kusini na uwanja wa ndege uko kaskazini, upande wa Ilemela, na nikafika uwanjani saa 7:15. Dawati la kupokea abiria hufungwa mapema, na anayefika dakika za mwisho huhesabiwa kuwa hakufika. Baada ya ukaguzi nilikaa. Saa 9:10 tulitangaziwa kwamba ndege ingechelewa kidogo kwa sababu ilichelewa kutoka kituo ilikotoka kwanza. Ndege moja hupewa miji kadhaa kwa siku, na dakika 20 zilizopotea asubuhi husafiri nayo hadi jioni.

Saa moja na nusu inayoandikwa kwenye tiketi hailingani na muda wa kuwa hewani. Inahesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena, na ndani yake mna kutembea hadi kwenye njia ya kurukia, kusubiri ruhusa, na akiba kidogo ambayo mashirika yote huweka ili yasionekane yamechelewa. Milango yetu ilifungwa saa 10:05. Magurudumu yaliacha ardhi saa 10:14.

Uwanja wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, ukikaribia kuguswa na ziwa. Alasiri upepo huvuma kutoka ziwani, na ndege hupenda kuruka ikiukabili upepo, kwa hiyo tuliruka kuelekea majini, mgongo wetu ukiwa upande wa Dar es Salaam. Ndege ikageuka juu ya visiwa, ikarudi na kushika uelekeo wa kusini mashariki. Kilomita hizo za kuzunguka hazimo katika 850.

Nilikaa dirishani upande wa kushoto, simu ikiwa imezimwa mtandao. Kipokezi chake cha setilaiti hufanya kazi hata hivyo ukiishika karibu na kioo. Kwa dakika 22 za kwanza tulikuwa tunapanda, na kasi juu ya ardhi ilikuwa ikiongezeka kidogo kidogo kutoka 300 hadi 780. Rubani alitangaza kwamba tungesafiri katika futi 35,000. Namba hiyo haichaguliwi kiholela: ndege zinazoelekea mashariki hupewa elfu za witiri, kama 33,000 au 35,000, na zinazoelekea magharibi hupewa elfu za shufwa, ili zinazopishana uso kwa uso zitenganishwe na futi elfu moja.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ramani ilikuwa imenidokeza na sikulizingatia. Nilitarajia kuitazama kutoka juu ile barabara ya juzi. Haikuwapo. Mstari kati ya Mwanza na Dar es Salaam haupiti Shinyanga, wala Nzega, wala Singida, wala Dodoma. Unapita upande wa Maswa na Meatu, unagusa ncha ya kusini ya Ziwa Eyasi, unakatiza kati ya Kondoa na Babati, unavuka mbuga za Kiteto, kisha unashuka kusini ya Handeni kuelekea pwani. Pale ambapo basi lilikuwa Dodoma, ndege iko zaidi ya kilomita 170 kaskazini. Chini yangu niliona bonde refu la Eyasi likiwa jeupe kwa magadi pembezoni na maji ya rangi ya kahawa iliyochanganywa na maziwa katikati, na baada ya dakika kadhaa abiria wa upande wa kulia wakaanza kuonyeshana Mlima Hanang. Katika barabara ya juzi hakuna ziwa hilo wala mlima huo. Kwa hiyo anayesema kwamba ndege hufupisha barabara ya Mwanza hasemi sawasawa, kwa sababu inapita nchi nyingine kabisa, na barabara iliyo karibu na mstari wake, kwa sehemu kubwa, haipo.

Kasi ilibaki kati ya 770 na 790. Ndege za aina hii husafiri kwa kasi ya kama 830 ukiipima dhidi ya hewa yenyewe, na tofauti hiyo ni upepo: katika ukanda huu wa ikweta pepo za juu kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, zikimsukuma anayekwenda Mwanza na kumzuia anayerudi Dar es Salaam. Kwa jeti upotevu ni dakika tatu au nne. Ndege ya pangaboi, ambayo kasi yake ni kama kilomita 500 kwa saa, upepo uleule wa kilomita 40 huichelewesha kwa dakika tisa hivi, kwa kuwa inakaa ndani ya upepo huo muda mrefu zaidi.

Mwendo wa juu uliotulia, ule ambao mtu huuwaza anaposikia neno ndege, ulidumu kwa nusu saa na dakika chache tu. Ndege iliyo katika futi 35,000 huanza kushuka ikiwa imebakiza karibu kilomita 200, na ilikuwa imetumia masafa yanayokaribia hayo kupanda. Katika safari ya kilomita 850, kama nusu ni kupanda na kushuka. Ndiyo maana huwezi kuchukua umbali, ukaugawa kwa kasi ya ndege, ukapata jibu: hesabu hiyo hutoa saa moja na dakika moja hivi, na hakuna ndege ya abiria iliyonifikisha Dar es Salaam kwa muda huo. Kadiri miji inavyokaribiana, ndivyo hesabu hiyo inavyozidi kukosea. Kati ya Mwanza na Bukoba, kwa mfano, ambako umbali wa angani ni kama kilomita 175, ndege hufika juu na kuanza kushuka kabla abiria hajamaliza soda.

Marubani wenyewe hawatumii kilomita. Umbali wao ni maili za bahari, kila moja mita 1,852, na kwao Dar es Salaam na Mwanza vimetengwa na maili kama 460. Anayekuta namba hiyo katika jedwali la safari za ndege asidhani miji imesogeleana.

Februari ni msimu wa kaskazi. Upepo ukivuma kutoka kaskazini mashariki, ndege zinazotua Julius Nyerere huja kutoka upande wa Pugu na Kisarawe, kwa hiyo sisi tuliotoka kaskazini magharibi tulilazimika kuzunguka hadi nyuma ya vilima hivyo ndipo tukaielekea njia ya kutua. Tuligusa ardhi saa 11:34, baada ya saa moja na dakika 20 hewani, na tukaegeshwa saa 11:42.

Begi langu lilitokea kwenye mkanda saa 12:10. Nje ya uwanja Barabara ya Nyerere ilikuwa imejaa, na ingawa daraja la juu la Mfugale limewaondolea wengi adha ya makutano ya TAZARA tangu mwaka 2018, anayekata kwenda Tabata jioni bado hukutana na foleni yake mahali pengine. Niliingia nyumbani saa 1:20 usiku. Tangu Nyegezi ilikuwa saa 7 na dakika 20.

Siku ya tano: Mbezi

Asubuhi nilikwenda stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kupokea gunia. Basi liliondoka Nyegezi saa 9 alasiri na kuingia Mbezi saa 3:10 asubuhi, yaani zaidi kidogo ya saa 18 kwa kilomita 1,150. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, safari hii imeacha kukatwa vipande viwili kwa kulala njiani, na kwa kuwa inazidi saa 8, basi hutakiwa kuwa na madereva wawili. Walikuwa wamebadilishana Singida. Wastani wao ulikuwa kilomita 63 kwa saa, bora kuliko wetu wa mchana, na dereva aliyemalizia zamu alisema sababu ni kwamba usiku magulio yamelala na bodaboda ni chache, ingawa malori ni yaleyale.

Gunia lilikuwa zima. Nauli yake ilikuwa ndogo kuliko ambayo ningetozwa kwa uzito wa ziada uwanjani, na kwa safari ijayo ya Mwanza nimekwisha kuamua: nitakwenda na kurudi kwa ndege, na dagaa watakuja kwa basi.